Taharuki ni Ugonjwa wa Miguu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kubishana kuhusu maneno ndio ulevi wangu. Likizo ya Agosti nilimpeleka binti yangu Ilhan, wa miaka sita, kutoka Garissa hadi Buna kwa ayeeyo yake Osob, mama wa marehemu mume wangu. Mchana tulikaa malishoni na mbuzi wake, mimi nikisahihisha mitihani.

"Hii nini?" Osob aliuliza, kidole chake juu ya duara langu jekundu.

"Taharuki. Hofu ya ghafla. Mwanafunzi ameandika ni ugonjwa wa miguu, nimempa sifuri."

Osob akacheka. "Mtoto anajua. Rudisha maksi yake."

Nilikereka. Nikamweleza kwamba neno hilo lina asili ya Kiarabu, ni ndugu wa haraka na harakati, na kwao maana yake ni kusogea tu. Sisi ndio tuliolipeleka moyoni.

"Si moyo. Miguu kwanza, moyo nafuata," alisema. "Sikia, mwalimu. Saa saba mchana, mbuzi yote ikiacha kutafuna, kaa chini, shika udongo. Ikikimbia, wewe usikimbie. Hiyo kitu iko beke yake. Natafuta mtu ya kukimbia na yeye."

"Ndiyo, hooyo," nilimwitikia, yaani mama, kama mtu anavyomwitikia mama mkwe, kisha nikaendelea na kalamu yangu.

Siku ya tatu, saa saba, mbuzi waliacha kutafuna. Upepo ulitulia. Wote wakageuza vichwa upande mmoja, nyuma yangu. Osob aliketi polepole, akachimbia vidole udongoni.

Mimi sikuketi. Mbuzi walipotimka nilinyoosha mkono nyuma, nikamshika Ilhan, nikatoka mbio. Sikuona kitu, na mpaka leo sijui nilikimbia nini. Miiba ilirarua dera langu. Kiganja chake kilikuwa na jasho, vidole vimenibana. "Usiniachie, mama," nilimwambia. Hakuniachia.

Nilisimama kwenye mchanga wa mto mkavu, nikageuka nimbebe. Hapakuwa na mtu. Mkono wangu ulikuwa bado na joto.

Nilirudi nikimwita hadi sauti ikakauka. Ilhan alikuwa ameketi kando ya Osob, mikono yote miwili imezama udongoni, machozi yamemkaukia mashavuni.

"Huyu hakuinuka," Osob alisema. "Nilimwambia kaa, akakaa."

Nilipiga magoti nimkumbatie. Aibu ilinichoma kuliko miiba: nilikuwa nimemwacha mwanangu. Alijivuta nyuma, akautazama mkono wangu.

"Hooyo," aliuliza, "ulikuwa unakimbia na nani?"

Yule mwanafunzi nimemrudishia maksi zake. Ilhan naye, hadi sasa, hanipi mkono tunapovuka barabara. Anasema nimwambie kwanza yule mwingine alikwenda wapi.