Simpo

Ulimi ndio uliompatia Nasma kazi, na ulimi huohuo ndio uliomponza.

Alikuwa binti wa Shamte, muuza vitenge wa mtaa wa Utemini, amemaliza kidato cha sita na Kiingereza chake hakina mawaa. Ilikuwa miaka ile soko huria limeanza kushika kasi. Vyama vya ushirika vilikuwa hoi, maghala yao yamegeuka makao ya popo, na kila mwenye gari alipita vijijini kununua mazao. Kampuni moja ya kukamua mafuta ya alizeti ikafungua ofisi Singida mjini. Meneja wake, Bwana Mazengo, alimwajiri Nasma amfasirie mwenye kampuni, mgeni kutoka Ulaya. Kiingereza Mazengo alikijua, ila aliona si hadhi ya meneja kusimama mbele ya wakulima akirudia maneno ya mtu mwingine.

Siku ya mkutano wakaondoka mjini na Landrova kwenda kijiji cha Iguguno. Njiani mashamba yalikuwa ya njano pande zote mbili, na mgeni akayatazama kwa furaha.

"Watu wa huku ni simple," akasema kwa Kiingereza. "Ndiyo maana nawapenda."

Nasma akalipokea neno lile kama alivyozoea kupokea maneno, akaligeuzageuza kichwani. Hesabu ikiwa simple, ni rahisi. Chakula kikiwa simple, ni cha kawaida, hakina mbwembwe. Mtu akiwa simple, huenda hana makuu, huenda ana moyo mweupe. Na huenda pia ni zuzu, mtu wa kuzungushwa kama pia. Neno moja, sura nyingi. Akamchagulia mgeni sura nzuri, kwa kuwa alikuwa amesema anawapenda.

Watu walikuwa wamejaa katika ghala la zamani la ushirika. Mbele waliketi mwenyekiti wa kijiji, Mzee Simeoni, na Mama Rahabu, mjane aliyeongoza kikundi cha akina mama wakulima. Nasma akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mdomo wa huyu mzungu?"

"Ndiyo mama."

"Haya, tunakusikiliza."

Mgeni akasimama, akaeleza, Nasma akifasiri. Kampuni ingetoa mbegu bora bure za msimu ujao. Mkulima naye angeiuzia kampuni alizeti yake yote, asimuuzie mtu mwingine hata debe moja. Bei ingepangwa na kampuni wakati wa mavuno. Mkataba wenyewe ni simple, akasema, kwa watu simple.

"Anasema mkataba ni mwepesi kuelewa," Nasma akafasiri, "na ninyi ni watu msio na makuu."

Makofi yakapigwa. Mzee Simeoni akacheka hadi mwanya ukaonekana. Kisha mkulima mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Tumeshukuru kwa mbegu. Sasa hiyo bei itakuwa shilingi ngapi?"

Nasma akalifasiri swali. Mgeni hakumjibu muulizaji. Alimwinamia Mazengo, wala hakupunguza sauti, maana nani pale angemwelewa?

"Mbona wanauliza bei? Uliniambia hawa ni simple."

Mazengo akacheka. "Simple kabisa. Rudi kwenye mbegu za bure, watatia dole gumba wote." Halafu akamgeukia Nasma, kwa Kiswahili cha chinichini: "Waambie bei itakuwa nzuri, wasiwe na shaka."

Nasma akafungua mdomo, sauti isitoke. Mgeni hakuwa amesema habari ya bei nzuri. Na lile neno alilolivika nguo safi mbele za watu, sasa limesimama uchi, na ni yeye aliyelivika.

Akina mama wakaanza kunong'ona Kinyiramba. Mama Rahabu akasimama.

"Mwanangu, kuna neno nalisikia linarudi kila mara. Simpo, simpo. Mwanzo ulituambia ni kutokuwa na makuu, tukapiga makofi. Sasa wamelisema tena wakacheka, na wewe umenyamaza. Lina maana gani?"

"Nasma," Mazengo akasema, "fasiri ulichoambiwa."

"Mama," Nasma akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa nguvu iliyokuwa nayo, "neno hilo lina maana nyingi. Ni rahisi. Ni kawaida. Ni mtu asiye na majivuno. Hiyo ndiyo niliyowapa, na niliichagua mwenyewe. Lakini maana yake nyingine ni mjinga, mtu wa kudanganywa mchana kweupe. Na hiyo ndiyo wanayoicheka sasa. Bwana Mazengo amesema mkipewa mbegu za bure mtatia dole gumba. Na habari ya bei, mgeni hakusema kitu. Mimi ndiye niliyeambiwa niwaambie itakuwa nzuri."

Mazengo akaruka kumshika mkono, Nasma akauchomoa.

"Usiniguse. Umeniajiri nifasiri. Nafasiri."

Mama Rahabu hakupandisha sauti. "Mwambie mgeni wako hivi. Ushirika ulitupangia bei mpaka tukachoka. Leo serikali imesema soko ni huria, naye anataka tutoke kwenye kamba ya kwanza tuingie kwenye yake. Mwambie tumelima hapa kabla hajajua alizeti inaota wapi."

Nasma akayasema yote kwa Kiingereza, hakupunguza wala kuongeza. Mgeni akawa mwekundu. Akasema hakuwa na nia mbaya, lile ni neno tu.

"Anasema ni neno tu," Nasma akafasiri.

"Bei nayo ni neno tu," Mama Rahabu akajibu. "Basi na aitamke."

Hakuitamka. Akakusanya vitu vyake akaelekea garini, watu wakiinuka mmoja mmoja bila hata kumuaga. Mazengo akafunga mlango wa Landrova na kumwacha Nasma amesimama barabarani. Mama Rahabu akamlisha ugali na mlenda nyumbani kwake, na jioni akampandisha kwenye lori la vitunguu lililokuwa likienda mjini.

Kibarua kikaota nyasi. Majirani Utemini wakasema binti wa Shamte amepiga teke sahani yake mwenyewe. Hata baba yake alisusa kuzungumza naye, maana alikuwa amejivunia kazi ile kwa kila mteja.

Baada ya wiki moja Mazengo akaja dukani, tabasamu limemjaa usoni. Akamsalimia Shamte, akaketi, akaeleza: Nasma arudi Iguguno, aseme mbele ya watu kwamba alikosea kufasiri. Kazi yake atarudishiwa, na mshahara utaongezwa.

Shamte akamtazama binti yake aliyekuwa akikunja vitenge.

"Ulikosea?"

"Nilikosea mara ya kwanza, baba, nilipowapamba. Mara ya pili sikukosea. Sirudi kusema uongo, hata wakinipa kampuni yenyewe."

Mzee akakuna kidevu. Kisha akachukua mkasi.

"Bwana Mazengo," akasema, "nikukatie kitenge, au unaondoka?"

Mazengo akaondoka.

Mavuno yalipofika, kampuni ilirudi Iguguno na mfasiri mwingine, na safari hii ikataja bei. Haikuwa bei ya kurukaruka kwa furaha, na wengine waliikubali kwa sababu shida haina subira. Kikundi cha Mama Rahabu kilikataa. Wakayauza magunia yao kwa wafanyabiashara waliopita, leo huyu, kesho yule, kila mmoja akitaja bei kabla mizani haijainuliwa. Nasma alibaki dukani kwa baba yake mwaka mzima, akipima na kukata. Kila Bwana Mazengo alipopita barabarani na Landrova yake, Nasma alimtazama mpaka Mazengo ndiye akageuza uso.