Boriti ya Mfenesi

Anselmi alipopigiwa simu aende Mbwawa kukarabati kabati la jikoni lililooza, alitia msumeno, patasi, bisibisi na skwea ya kupimia pembe kwenye mfuko, akapanda bodaboda kutoka Sofu bila kuuliza zaidi. Makabati ya jikoni alishayatengeneza mengi. Kwa hiyo mwenye nyumba alipompitisha nyuma ya banda la kuku na kuvuta turubai la bluu, fundi alimtazama yule mama, akatazama kile alichofunuliwa, kicheko kikamtoka.

"Mama Godbless, kabati lenyewe liko wapi?"

"Limo humo ndani. Panda ngazi uingie."

Ilikuwa boti ya matanga. Ilikuwa ndogo, nyeupe ya kufubaa, imeegemezwa kwa magogo na matairi katikati ya mihogo, na mlingoti wake umelazwa kando ya ukuta wa nyumba. Hapo walipokuwa, ukitaka kuona bahari, uvuke Dar es Salaam nzima.

Mama Godbless, ambaye jina lake hasa ni Recho, alikuwa nesi mstaafu, mtu wa Matema, aliyezaliwa na kulelewa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Boti aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Akaileta kwa lori, akaifunika, kisha ujenzi wa nyumba ukammeza. Turubai likachanika, masika yakapita na mengine yakaja, na maji yakajipenyeza ndani polepole kama panya anavyoingia ghalani. Wanawe walimuuliza mara nyingi, "Mama, hivi Kibaha kuna bahari?" Naye jibu lake lilikuwa hilohilo: "Bahari haihami. Nitaikuta."

Anselmi akapanda ngazi, akainama, akaingia.

Mlikuwa na vitanda viwili vyembamba, jiko dogo la kupikia, kabati, na ukuta wa mbao uliokigawa chumba, wenye kijimlango cha kwendea mbele. Harufu ya uyoga ilimpanda puani. Alichomeka ncha ya bisibisi kwenye mguu wa kabati, ikazama hadi mpini, kama umechoma papai bivu. Alijaribu kitandani, ikazama. Alijaribu chini ya ule ukuta, mbao ikamomonyoka ikamwagika miguuni mwake, nyeusi, laini, kama ugoro.

"Nimeona," alisema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. "Tunang'oa, tunapima, tunarudishia. Wala siyo kazi ya kukutisha."

Mama Godbless alichungulia mlangoni. "Haya, fundi. Mimi nakuletea chai."

Chai ilipokuja ilimkuta Anselmi amekaa chini, skwea mkononi, hajapima chochote. Kila alipoiweka ile skwea, ilikataa. Sakafu ilikuwa imepinda, ukuta wa boti ulikuwa umepinda kuelekea juu na tena umepinda kuelekea mbele. Paa nalo lilikuwa na mgongo kama wa kobe. Alitafuta humo ndani kona moja tu iliyonyooka, ili aanzie hapo kama anavyoanzia kwenye mlango au dirisha. Hakuna. Tangu ajifunze useremala alikuwa akiishi ndani ya pembe nne, na sasa ameingia mahali ambapo pembe nne hazijulikani. Yule aliyeijenga boti hii aliijenga yote kwa kupinda, na kila upindo ukakutana na mwenzake, hapana pengo hata la kupitisha unyasi.

"Vipi?" Mama Godbless akauliza.

"Mama, huyu aliyetengeneza hiki kitu..." Anselmi akanywa chai bila kumalizia.

Basi akaanza kung'oa, lakini safari hii kwa adabu. Skrubu za shaba zilitoka moja moja, zimeng'aa kana kwamba zilitiwa jana. Alipoutoa ubao wa nyuma wa kabati, ambao hakuna macho ya mtu yangeuona maisha yote ya boti ile, alikuta umepigwa randa pande zote mbili. Alipitisha kiganja. Ulikuwa laini kama upande wa mbele. Anselmi aliwajua mafundi wengi wa Kibaha, na yeye mwenyewe alijijua. Nyuma ya kabati ni nyuma ya kabati, unaacha ilivyotoka mashineni. Zaidi ya hapo, kwenye gundi iliyokauka pembeni mwa ubao, kulikuwa na alama ya dole gumba. Mistari yote ilionekana. Mtu mmoja, katika nchi ambayo Anselmi hakuijua hata jina, alikuwa amekandamiza hapo gundi ikiwa mbichi, kisha akaendelea na kazi yake. Anselmi aliukalisha ubao ule kwenye mwanga kwa muda mrefu. Halafu akamwita Mama Godbless, akamwonyesha, nao wakautazama wote wawili.

Uozo mbaya kuliko wote ulikuwa juu. Mlingoti wa boti hii haukushuka hadi chini. Ulisimama juu ya paa, na chini ya paa palikuwa na boriti moja iliyopinda kama upinde, ambayo ndiyo iliyoubeba mzigo wote. Boriti hiyo ilikuwa imeoza moyo. Kwa nje ilikuwa na rangi na umbo, kwa ndani ni unga. Paa lilikuwa limebonyea juu yake, na kijimlango cha mbele kilikuwa kimebanwa hapo tangu siku ambayo mwenyewe hakuikumbuka.

Anselmi aliazima jeki ya gari kwa Yassin, dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, aliyekuwa anamsombea mbao. Akaikalisha juu ya ubao mnene sakafuni, akaisimamishia nguzo, akaanza kuzungusha kidogo kidogo, huku ameinua macho. Paa likalia. Akasubiri. Akazungusha tena. Vumbi likadondoka, kitu fulani kikasema "tk" ukutani, na mara kile kijimlango, ambacho Mama Godbless alishakivuta kwa mikono miwili kikamshinda, kikafunguka chenyewe, polepole, bila kuguswa na mtu, mpaka kikagota.

Mama Godbless, aliyekuwa amesimama ngazini, aliweka mkono mdomoni. "Yesu wangu."

"Kilikuwa kinasubiri paa lake tu," Anselmi akasema, lakini vinywele vya mikono vilikuwa vimemsimama.

Kabati, ukuta na vitanda alivirudishia vizuri. Alijifundisha kuwa humo ndani tepu haisaidii: unachukua kipande cha boksi, unakisogeza kwenye upindo, unaburuza penseli iliyofungwa kwenye kijiti, unakata, unajaribu, unakata tena, mpaka boksi linakubali, ndipo unahamishia kwenye mbao. Boriti ndiyo iliyomshinda. Alinunua mninga mzuri, mzito, mwekundu, akauchonga upinde kutoka kwenye ubao ulionyooka, akaupiga msasa hadi ukawaka. Aliupandisha mahali pake, akaanza kulegeza jeki ili paa lishuke likalie. Lilikuwa halijashuka hata unene wa kidole.

Kraa! Mninga ukapasuka kutoka kona hadi kona.

Alikaa kwenye kitanda kipya, akautazama ule ufa. Mama Godbless hakumlaumu. Aliuliza tu, "Mti mbovu?"

"Mti mzuri sana, mama. Mkosaji ni mimi. Ona hizi nyuzi. Zimelala zimenyooka, mimi nimekata upinde kuzikatisha njiani. Hakuna uzi hata mmoja unaotoka huku ukafika kule. Kwa hiyo mzigo ukija, unapasua hapo katikati ya nyuzi."

"Sasa tutafanyaje?"

"Inatakiwa mbao iliyopinda yenyewe. Na huko wanakouza, mama, sijaona. Wote wanauza zilizonyooka."

Yassin, aliyekuja kufuata jeki yake, ndiye aliyesema kwa mama yake kuna mfenesi ulioangushwa na upepo masika ya mwaka juzi, una matawi ya kila namna. "Kule Masaki," akasema, "ile yetu ya Kisarawe, siyo ya matajiri."

Wakaenda kwa kirikuu, njia ya Kiluvya, Anselmi amepakata kipimo chake cha plaiwudi, alichokikata kwa umbo la boriti, kama mtu aliyepakata mtoto. Mama yake Yassin, Bi Sikudhani, aliwapokea uani akiwa anapeta mpunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiyo wewe unayejenga jahazi Kibaha?"

"Silijengi, mama. Nalitibu."

Bi Sikudhani akaweka ungo chini, akawaongoza shambani. Mfenesi ulikuwa umelala kwa kuegemea kiwiko cha tawi lake, shina limeinuka juu ya ardhi, magome yameanza kubanduka. Wachoma mkaa walimfuata Bi Sikudhani mara nyingi, akawakatalia. Alipoulizwa kwa nini, alisema tu kwamba hakupenda wanavyouangalia.

Anselmi alizunguka mti akiweka kipimo kwenye tawi hili, akitoa, akiweka kwenye lile. Moja lilipinda mno, jingine lilipinda kisha likajisahau likanyooka. Akainama kupita chini ya shina, upande wa pili, palipokuwa na tawi nene lililotoka na kukunja taratibu. Akakiweka kipimo.

Kikakaa.

Alidhani ameona vibaya. Alikitoa, akapangusa vumbi, akakirudisha. Kilikaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa upole, kama kiganja kinavyokaa shavuni. Akapiga goti moja kwenye majani makavu.

"Umechomwa na mwiba?" Yassin akauliza.

Anselmi alimgeukia Bi Sikudhani. "Mama, huu mti aliukunja nani?"

"Nani aukunje?" Bi Sikudhani akacheka. "Hapo palikuwa na mkorosho mkubwa, ukaunyima jua. Basi tawi likawa linazunguka kidogo, kila mwaka kidogo, linautafuta mwanga. Mkorosho wenyewe umekufa zamani, mti umebaki na mkunjo wake. Niliupanda nikiwa na mimba ya huyu," akamwonyesha Yassin kwa kidevu, "na huyu sasa ana wajukuu."

Anselmi alilitazama lile tawi. Miaka yote hiyo, yeye akiwa anasoma, anaoa, anapigilia milango ya watu, mti ulikuwa hapa Kisarawe unajikunja, hauna habari ya boti, nayo boti haina habari ya mti. Hakuna aliyeviagiza. Aliwahi kusikia mahubiri mengi juu ya kazi ya Mungu, akayaitikia amina, lakini hakuwahi kuweka mkono juu yake namna hii.

Bi Sikudhani hakutaka kitu isipokuwa mbuzi mpya ya kukunia nazi, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imevunjika mguu. Anselmi aliichonga palepale kutoka kwenye kipande cha mfenesi uleule, akahamishia ule ulimi wa chuma, naye bibi akaikalia kuijaribu, akasema haiyumbi.

Msumeno ulipopasua lile tawi, ndani lilikuwa la manjano kama kiini cha yai, kavu, nyuzi zake zimefuata mkunjo wote bila kukatika, kama maji yanavyofuata kona ya mto. Kule Mbwawa, boriti ilipopanda mahali pake, Anselmi alilegeza jeki kidogo kidogo. Paa likashuka. Likakalia. Mfenesi ukatoa mlio mmoja mzito, wa mtu anayejitwisha mzigo, kisha kimya.

Siku ya kusimamisha mlingoti majirani walikuja wenyewe. Mke wa Anselmi, Stellamaris, alikuja kutoka Sofu kuona kitu kilichokuwa kinamrudisha mumewe nyumbani hana maneno. Kamba zikavutwa huku na huku, Mama Godbless akitoa amri kwa sauti aliyoizoea wodini, mlingoti ukainuka juu ya mihogo, juu ya paa la nyumba, juu ya minazi michanga, ukasimama. Waya zikakazwa pande zote.

Anselmi alikuwa ndani, peke yake, kiganja kimegusa boriti. Alitaka ajue mapema kama itapasuka.

Upepo wa alasiri ukapita Mbwawa. Ulikuwa upepo wa kawaida tu, ule unaopeperusha nguo kwenye kamba. Lakini huko juu uliukuta mlingoti, na mlingoti ukaupokea, ukaushusha, na Anselmi akausikia unaingia kwenye kiganja chake. Mfenesi ulikuwa unatetemeka kwa ndani, tetemeko jembamba, kama koo la mtu anayeimba amefumba mdomo. Likahama kwenye ukuta, likapita kwenye vitanda, likafika sakafuni alipokanyaga. Boti nzima ilikuwa inavuma, ikiwa nchi kavu, juu ya matairi. Hakuna ubao uliogongana na mwenzake. Hakuna skrubu iliyolia.

"Fundi!" Mama Godbless aliita kutoka nje. "Kuna nini huko? Imeshika?"

Anselmi alizidi kukandamiza kiganja.

Stellamaris akapanda ngazi, akainama, akaingia. Alimkuta mumewe amesimama ameinamisha kichwa chini ya paa, macho yamejaa maji. Alivua kandambili, akauinua mkono wake, akauweka kwenye boriti kando ya mkono wa mumewe.

"Mh!" akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo, "Anselmi, hiki kitu kina uhai."

"Imeshika, mama!" Anselmi hatimaye akaita.

Nje watu wakashangilia. Lori lilikuja Jumatatu kuichukua boti, mlingoti umelazwa tena, kuipeleka baharini, na Mama Godbless akapanda mbele na dereva, amevaa koti la mvua ijapokuwa jua lilikuwa kali.