Orodha Isiyofutwa

Mwenye duka la kompyuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Kibodi, aliandika namba ya mtihani ya msichana kwa vidole viwili, akabonyeza, akasubiri. Feni ilizunguka bila kuleta upepo. Foleni ilikuwa imefika barazani, kwa kuwa dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa linafungwa siku hiyo saa kumi alasiri, na saa nane ilikuwa imekwisha kupita.

"Dada, wewe umeshaomba," Kibodi akasema.

"Sijaomba. Ndiyo kwanza nafika."

Kibodi akaigeuza skrini. Jina lake lilikuwapo, na chini yake vyuo vitano, cha kwanza kikiwa kile cha biashara chenye tangazo la ghorofa za vioo.

"Mwalimu wenu alileta majina juzi. Watu arobaini na watatu, vyuo vilevile. Nikamjazia mmoja, wengine nikanakili. Saa moja tu, kazi kwisha."

"Nani alikwambia nataka biashara?"

"Hakuna aliyeniambia hutaki."

Foleni ikacheka. Msichana hakucheka. Shuleni walimwita Spana, tangu siku alipolifungua bomba la maabara lililovuja miaka miwili na kulifunga likanyamaza. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipewa na fundi wa hospitali, siku alipompeleka bibi yake kliniki akamkuta fundi huyo ametandaza mezani matumbo ya mashine ya kupimia presha. Alichutama hapo na kuuliza maswali hadi fundi akachoka kujibu, akamwandikia jina la chuo alikosomea, namba ya chuo hicho ya maombi na ada. Ni cha serikali, alimwambia, hosteli ipo, ada haifiki robo ya hivyo vya vioo. Wanataka fizikia tu, na kila mwaka nafasi zinabaki, maana watu hawakijui.

Fizikia Spana alikuwa nayo. Mama yake, fundi cherehani, aliisoma karatasi ile mara mbili. "Hiki nakiweza," alisema. "Kile cha vioo kitameza cherehani mwaka wa kwanza. Wa pili tutauza nini, mwanangu?"

"Basi nibadilishie," Spana alimwambia Kibodi.

"Yakishatumwa hayabadiliki bila barua ya shule yenye muhuri. Ilete kabla ya saa kumi. Ila nikwambie, mchagua jembe si mkulima."

"Aliyesema hayo jembe alinunuliwa."

Alikwenda shuleni kwa miguu, nusu akitembea, nusu akikimbia. Alimkuta mwalimu maabara, chumba ambacho kilikuwa pia stoo na ofisi yake. Mwalimu yule alifundisha kemia na fizikia, na tangu mwalimu wa ushauri alipohamishwa bila mbadala, ushauri nao ulimwangukia yeye.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Spana. Umekuja kulijulia hali bomba lako?"

"Nimekuja kuomba barua." Akamweleza yote.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Mwaka jana kumi na sita walikosa dirisha. Huyu hana nauli, yule hana bando. Nikaapa mwaka huu hachelewi hata mmoja. Nimelipa mfukoni mwangu."

"Najua ulitutakia mema, mwalimu. Lakini ada ya vyuo hivyo uliiangalia?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Orodha niliikuta ubaoni nilipohamia hapa. Mwongozo wa vyuo umo kabatini kwa mkuu."

"Na ufunguo?"

"Anao. Hata muhuri anatembea nao mkobani, tangu mtu aghushi barua ya ruhusa."

Hata hivyo aliiandika barua palepale, kwa mwandiko wa kupendeza, kisha akampigia mkuu na kuiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Niko mkutanoni," sauti ya mkuu ilisema. "Tunajadili namna ya kuongeza idadi ya wanaokwenda vyuoni."

"Ni muhuri tu, mzee. Nikuletee barua huko?"

"Ya nini? Si wameshaomba wote? Nimetoka kuripoti asilimia mia, watu wamepiga makofi. Sasa unataka nianze kupunguza? Aje kesho."

"Kesho dirisha limefungwa, mzee."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Barua ilibaki mezani, imenyooka, haina doa wala muhuri. Spana aliitazama, akamshukuru mwalimu, akatoka.

Mlango wa darasa la kidato cha mwisho ulikuwa wazi, na wadogo zao walioachiwa madawati walikuwa wakinakili notsi. Kwenye kona ya ubao, ndani ya kisanduku, vilikuwapo vyuo vitano vilevile, na juu yake: USIFUTE. Hakuna aliyejua ni nani aliyeviandika mara ya kwanza. Kila chaki ilipofifia, aliyekuwa na zamu ya usafi aliikoleza. Mwaka jana, zamu ilipomwangukia Spana, yeye mwenyewe aliikoleza kwa rula ili mistari isipinde.

Akachukua dasta.

"Dada, pameandikwa usifute," msichana wa dawati la mbele alisema.

"Nimepaona. Na vyuo hivyo, unajua ada yake?"

"Sijui."

"Basi."

Akafuta. Vumbi lilimwingia puani, naye hakupunguza mkono. Kisha akaikunjua karatasi ya fundi na kuandika jina la chuo, namba yake, ada, na masomo yanayotakiwa. Chini akaongeza: ULIZENI ADA KWANZA. JAZENI WENYEWE.

Alipogeuka, mwalimu alikuwa mlangoni. Spana alingoja karipio. Mwalimu alitoa daftari la mahudhurio, akalifungua ukurasa wa nyuma, akausogelea ubao akikaza macho.

"Namba ya chuo hapo mwisho," aliuliza, "ni sita au nane?"

"Nane, mwalimu."

Nje, mtu alilipiga lile rimu la gari lililotumika kama kengele. Ilikuwa saa kumi.