Mashine za Mazoezi Ziko Midia

Siku ya somo la ufuatiliaji, Candiru aliketi mahali pake pa kawaida, karibu na dirisha, katika ile nyumba ya kikoloni juu ya Arua Hill ambayo chuo cha kompyuta kiliipata ikiwa na popo darini na kikaanza kufundisha bila kuwaondoa. Aliingia kwa njia ya mtandao kwenye seva ya mazoezi aliyogawiwa, akaandika amri za kusakinisha zana ya ufuatiliaji, akangoja. Linux, mfumo unaoendesha mashine hizo, haina maneno mengi. Zana ikikaa vizuri inanyamaza, isipokaa vizuri inakutukana kwa Kiingereza. Hii ilinyamaza. Kisha grafu zikafunguka, ya joto na ya mzigo, na chini yake kazi zote ambazo mashine ilikuwa inazifanya wakati ule.

Mashine ilikuwa inamenya muhogo. Ilikuwa inakohoa. Ilikuwa na wasiwasi juu ya mbuzi aliyekata kamba. Na juu ya hayo yote, ikila zaidi ya nusu ya nguvu zake, palikuwa na kazi ya kumuwaza Candiru aliye Arua.

Alimtambua mama yake papo hapo. Hakushtuka. Siku ya kufungua masomo mwalimu Lawrence alikuwa amewaeleza kwamba seva za kweli, zinazobeba mishahara ya ofisi za mjini, haziguswi na mwanafunzi, na kwamba mashine za mazoezi ni watu wa Midia, huko Koboko. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Midia ndiko kila kitu kilikojaribiwa kwanza: mbegu za muhogo, majiko yasiyotoa moshi, vyoo vya plastiki, wahubiri wapya. Kilichofaa kililetwa mjini na kisichofaa kiliachwa hukohuko. Watu wa Midia nao walishazoea. Siku za somo wanawake hawakubeba jerikeni kichwani, na hakuna aliyemlaza mtoto karibu na moto.

"Mwalimu," Candiru alisema, "hii mashine iko mama yangu."

Lawrence alikuwa anamenya yai la kuchemsha. "Kila mashine iko mama ya mutu," alisema. "Nataka nikupe ya nani? Kama wewe hapana taka, nabadilisha na ya Acidri."

Acidri alikuwa jamaa wa Onduparaka, kwenye timu ya mpira inayojulikana Arua nzima, na aliandika amri kama anavyoshangilia mpira, kwa nguvu na bila kusikiliza mtu. Yeye aligawiwa fundi viatu mzee. Wiki iliyopita alikuwa amemzima mzee huyo kabla hajasoma ukurasa unaoeleza jinsi ya kuzima.

"Niliwasha tena," Acidri alisema kwa kujitetea. "Iko sawa. Sasa hajui tu mukono ya kushoto iko gani. Nashona kiatu ya kulia peke yake."

Candiru akavitazama vidole vya Acidri, akabaki na mashine yake.

Kwa muda alidhani amefanya jambo la busara. Alijifunza kwa bidii kuliko darasa zima. Kikohozi kikimzidi mama, Candiru alikiandikia amri ya kusubiri zamu, na mama akapata usingizi. Maumivu ya goti aliyaua kabisa, na Jumapili ile Elena, mama yake, akaenda kanisani na kurudi bila fimbo. Candiru akaanza kujiona daktari. Ile kazi ya juu hakuigusa, ingawa ilikula nguvu bila haya. Aliipenda. Kila jioni simu yake ililia mara moja tu ikakatika, ndiyo bipu ya mama. Naye alibipu, basi, kila mmoja akajua mwenzake yupo. Sasa aliweza kuuona mstari wa grafu ukipanda kabla simu haijalia, na alitabasamu peke yake mbele ya skrini mpaka wenzake wakamcheka.

Likaja somo la mzigo. Katika somo hilo mashine inajazwa kazi zisizo na maana mpaka ielemewe, ili wanafunzi waone jinsi grafu inavyopanda. Candiru alitia mzigo kidogo. Lawrence akapita nyuma yake, akatikisa kichwa, akainama na kuongeza mwenyewe. Mchana huo Prossy, mdogo wake anayekaa na mama, akapiga simu.

"Dada, mama iko moto sana. Ameanguka kwa shamba ya muhogo. Leo iko somo?"

"Iko."

"Basi ambia walimu yenu wafanye asubuhi, kabla ya jua. Watu huku nasumbuka."

Candiru aliufikisha ujumbe. Lawrence aliona ni ombi la haki, akalipeleka kwenye kikao, na kikao kikaamua masomo yabaki mchana kwa sababu mchana ndipo sola za chuo zinapokuwa na nguvu. Elena alilala na homa mpaka somo la mzigo lilipokwisha, kisha akaamka na kwenda kumtafuta mbuzi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mwepesi kueleza. Kila mwanafunzi angeikuta mashine yake imeelemewa. Atafute kazi inayokula nguvu kuliko zote, aiue, aonyeshe grafu imerudi kwenye kijani. Atakayefaulu atapelekwa chumba cha seva za kweli, chenye kiyoyozi na mlango wa chuma. Atakayeshindwa atarudi kwao. Candiru alijua kwao ni wapi, na alijua watu wa kwao wanafanywa nini siku za somo.

Alianza na kikohozi, akakiua. Akaua wasiwasi wa mbuzi. Akaua wimbo ambao Elena alikuwa anauimba moyoni, na baada yake njaa. Grafu ilishuka kidogo, ikabaki nyekundu.

Lawrence akasimama nyuma yake. "Wewe nazungukazunguka tu. Kazi yenyewe iko hapo juu."

"Naiona, mwalimu."

"Basi ua."

"Nakala ya akiba iko? Kama nataka kurudisha?"

"Akiba ya mashine ya mazoezi?" Lawrence aliuliza, na kweli alikuwa hajawahi kulifikiria jambo hilo. "Nani naweka akiba ya mazoezi?"

Acidri alikuwa ameshamaliza. Kazi iliyokula nguvu za mzee wake kuliko zote ilikuwa kupumua, na grafu yake ilinyooka vizuri kuliko za wote. Alipunguziwa alama chache tu, kwa kuwa mashine ilikuwa haijibu tena. Wengine walikuwa wanakunja nyaya. Candiru akaliandika jina lake mwenyewe mbele ya amri ya kuua, akabonyeza. Mstari ukaanguka mara moja. Skrini yote ikawa ya kijani, rangi ya kupendeza sana, na Lawrence akampigapiga begani.

Jioni ile simu haikulia. Candiru alibipu yeye. Hakuna bipu iliyorudi. Alirudi darasani, akaingia kwenye mashine, akaandika amri ya kuianzisha upya kazi ya kumuwaza Candiru, na mashine ikamjibu kwamba haiijui amri hiyo. Aliijaribu kwa herufi kubwa. Alijaribu kuiomba kwa Kikakwa, lugha ya nyumbani. Akaweka kichwa juu ya kibodi akalia kwa uchungu, na popo darini wakasogea kidogo kumpisha.

Alipopewa ruhusa alikwenda Midia. Elena alikuwa amenenepa. Ngozi yake iling'aa, na shamba lilikuwa limepaliliwa mpaka mpakani.

"Karibu," alisema. "Kaa kwa kiti. Safari iko muzuri?"

"Muzuri, mama."

"Wewe Candiru. Nakujua. Wewe mutoto yangu ya kwanza." Alisema hivyo bila kinyongo, akamletea maji kwenye glasi ya wageni, akaendelea kupepeta ufuta. Hakuuliza anakula nini mjini, wala amekonda kwa nini. Candiru alipoaga, mama alimwitikia bila kuinuka, na alikuwa ameshageuka kabla mwanawe hajafika njiani.

"Mama iko sawa sana," Prossy alimwambia akimsindikiza. "Nalala, nakula. Mimi ndiyo nalia kwa ajili yako." Kisha akaongeza kwamba mazishi ya fundi viatu yalikuwa mazuri, na chuo kilituma sukari.

Candiru akahamia chumba chenye kiyoyozi. Huko seva za kweli zilikuwa na nakala ya akiba, na nakala ya ile nakala. Moja ilipopata joto kidogo tu, king'ora kililia na watu watatu walikuja mbio. Alishika kazi vizuri, hata Lawrence akamwomba awapokee wanafunzi wapya na kuwagawia mashine.

Mashine ya Elena ilimwangukia Marino, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyechoka kuuza shuka.

"Hii iko nani?" Marino aliuliza.

"Mama yangu."

"Pole."

"Iko nyepesi. Haina shida."

Somo la siku ile lilikuwa kuua kazi nzito. Zana ilipokaa sawa, grafu zikafunguka, na juu kabisa, ikila nguvu zaidi ya kupepeta na kupalilia, palikuwa na kazi moja, kumuwaza Prossy. Marino aliinua vidole, akangoja. Lawrence alikuwa mlangoni na yai lake, akitazama jinsi msaidizi wake mpya anavyofundisha.

"Ni gani?" Marino aliuliza.

Candiru akavuta kiti karibu naye.

"Hiyo ya juu," alisema, akamtajia jina la mdogo wake herufi moja baada ya nyingine, polepole, ili asikosee.