Felisiani Achagua Mashine ya Msasa

Restituta alipomkuta mumewe akibusu ubao kwa mara ya tatu wiki ile, alijua nyumba yao ina msiba ambao haujatangazwa. Mara ya kwanza alicheka, akasema moyoni kwamba miaka thelathini ya ndoa hajawahi kubusiwa kwa bidii ile, kumbe hata ubao wa mninga umemzidi bahati. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alisimama mlangoni mwa karakana, akamtazama Felisiani akipitisha shavu na midomo juu ya mbao, taratibu, kama mtu anayemnusa mtoto mchanga, ndipo akaelewa kwamba vidole vyake havisikii tena.

Felisiani alikuwa seremala wa mtaa wa Makanyagio, na watu walimjua kwa vidole hivyo. Akimaliza kupiga msasa alifumba macho, akapitisha ncha za vidole kwenye ubao, na penye kikwazo kidogo kama punje ya ulezi alipakuta. Wateja walisubiri afumbe macho ndipo walipe. Sukari ilipompanda ikamletea ganzi, miguuni kwanza, kisha mikononi, na yeye akanyamaza. Macho aliendelea kufumba, ila sasa ilikuwa maigizo. Kiti alichomtengenezea katekista kikamchoma kibanzi mahali ambapo katekista hawezi kuwaonyesha waumini, akasali amesimama Jumapili mbili, hata pale kanisa zima linapoketi. Watu wakacheka wakachoka. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuagiza hata kigoda.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, kitanda cha Kabula, binti wa mfugaji mmoja wa Kasekese aitwaye Luhende. Luhende alikwisha kusema wazi kwamba kitanda kikimkwaruza mwanawe atakirudisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, mchana kweupe, kupitia sokoni. Felisiani akasema dawa yake ni mashine ya umeme. Itapiga msasa yenyewe, yeye atashika tu. Restituta hakubishana. Alivaa viatu vya kanisani, wakaenda dukani kwa Selestine.

Selestine alikuwa na desturi ya kuwapa mafundi kipande cha mbao pale barazani wajaribu kabla ya kununua. Akawawekea mashine mbili. Moja ndogo, ya duara, yenye kimfuko cha kukusanya vumbi. Hiyo, alisema, ndiyo ya samani, inazunguka huku ikitetemeka, haiachi alama. Nyingine ya mkanda, nzito kama nguruwe. Hiyo ni ya kusawazisha mbao zenye makovu ya msumeno, inakula haraka, na mtu akizubaa inamchimbia shimo.

Felisiani akaanza na ya duara. Ikaunguruma, ikalalamika, ikasimama. Selestine akamwambia asiikandamize, uzito wake wenyewe unatosha. Akajaribu tena, ikasimama tena. Hakujua kama anakandamiza. Restituta alimwona akiitazama mikono yake kama mtu anayetazama mikono ya jirani. Akaiweka chini, akasema hiyo ni ya watoto kuchezea.

Ya mkanda ilipowaka ilimvuta, akausikia mvuto mpaka kwenye kiwiko, na uso wake ukafunguka. Mafundi wawili waliokuwa kwenye benchi wakamtania kwamba leo mzee kapata maksai. Yeye alishikilia ubao kwa mkono wa kushoto, akaenda na kurudi, mtikisiko ukimwingia mifupani.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo inaongea na mimi."

Ubao ulikuwa umechimbika katikati kama bakuli. Kisha Restituta akaona wekundu. Mninga una wekundu wake, lakini huu ulikuwa unatiririka.

"Baba Elia, zima."

"Ngoja nimalizie ukingo."

"Zima. Unajisaga kidole."

Akazima, akageuza mkono. Ncha ya kidole cha shahada haikuwa na ngozi, damu ilimdondokea kwenye kiatu, na usoni mwake hamkuwa na maumivu yoyote, aibu tu. Wale wa kwenye benchi wakageuka kutazama barabara.

Restituta akachana upindo wa kanga, akamfunga. Alitafuta neno la kumchekesha, maana ndivyo walivyozoea kuvuka njaa na misiba, lakini halikuja.

"Sisikii kitu, Mama Elia," alisema polepole. "Tangu mwaka jana."

"Najua."

Restituta akachukua ile ya duara. Mashine hakuwahi kushika maishani, ila pasi ya mkaa ameisukuma tangu usichana. Akaiachia itembee. Felisiani alimwelekeza kwa kusikiliza mlio: hapo umekandamiza, fuata nyuzi za mti, usisimame sehemu moja. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeaga. Ubao ukatoka laini, na hakuna aliyempongeza.

Selestine akaitia mashine ya duara kwenye boksi lake, akatoa kadi ya waranti. Akauliza aandike jina la nani, kwani ikiharibika, mwenye jina ndiye anayerudi nayo. Restituta akafungua mdomo amtaje mumewe.

"Mwandike huyo," Felisiani akamwahi.

Selestine akainua kalamu, akawatazama mmoja mmoja. "Mzee, hapa wanataka jina la fundi."

"Nimesikia. Mwandike."

Kadi ikaandikwa. Felisiani akaomba abebe boksi yeye. Restituta akampa, kisha akatembea ubavuni kwake njia nzima, akilitazama lisimponyoke.