Tende Zilizoliwa New York

Zzzip. Kimya. Halafu zzzip tena. Alfajiri ilikuwa haijaadhiniwa, na Bi Balqis, aliyekaa kitandani na tasbihi yake, alijua kuwa mjukuu wake ameufungua mkoba na kuufunga kwa mara nyingine.

"Taghreed, utauchana huo mkoba. Njoo ulale."

"Usingizi hauji, Bibi. Naogopa Mzee Nadhir asije akakataa kusema."

Taghreed alikuwa akisoma historia ya Amerika chuoni Maskati. Mwalimu wao aliwafundisha kuwa hakuna nchi yenye historia ya peke yake. Sehemu ya historia ya Amerika iko nje ya Amerika, kwa watu walioifanyia kazi bila ya kuiona. Yeye alichagua tende, zile zilizokuwa zikitiwa masandukuni Oman zamani na kupelekwa New York. Waliozinunua na waliozila walikwisha kuandikwa. Walioziangua, hapana. Mmoja wao alikuwa babu wa Mzee Nadhir wa Fanja, rafiki wa zamani wa Bi Balqis: aliletwa kutoka Mrima, pwani ya Afrika, akiwa mtoto, akatumikishwa utumwani katika mitende ya watu. Bila ya maneno ya Mzee Nadhir, kazi ya Taghreed ingebaki na pengo.

Bi Balqis naye alikuwa na hofu yake. Alipohamia Oman kutoka Unguja akiwa msichana, Kiarabu kikimpiga chenga, Nadhir na marehemu mkewe ndio waliokuwa wakimpeleka sokoni. Nadhir, aliyefunzwa Kiswahili na bibi yake, akimsemea kwa wauzaji, na hakumcheka hata siku moja. Miaka yote hiyo Bi Balqis hakuwahi kumuuliza habari za babu yake. Mtu haulizwi habari za utumwa wa wazee wake.

"Tukifika, tukae kwanza," alimwambia Taghreed garini walipotoka Nizwa. "Akitaka kusema, atasema."

Mzee Nadhir aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, binti yangu. Bi Balqis, halua ya Nizwa tena? Unataka yaniage hata haya meno mawili?"

"Ulafi wako ndio uliokung'oa meno, si halua yangu."

Akawamiminia kahawa mwenyewe. Taghreed alikipokea kikombe, akakiweka zuliani bila ya kukionja, akainama kuitoa simu ya kurekodia.

Msichana wa Maskati hakujua kuwa mgeni akiiweka kahawa chini hajainywa, ana haja ya kuomba, na mwenye nyumba ni aibu kuikataa. Mkono wa Mzee Nadhir ulisita juu ya dele la kahawa.

"Sema haja yako, binti yangu," alisema, sauti imemshuka.

Neno moja tu, na mjukuu wake angepata yote aliyoyataka. Lakini Bi Balqis aliiona shingo ya mzee ilivyoinama. Akakichukua kikombe cha Taghreed, akakinywa chote.

"Hana haja, ndugu yangu. Amekuja kukusalimu."

Taghreed alimtazama bibi yake, machozi yakimlengalenga. Kisha akairudisha simu mkobani.

Wakazungumza habari za mvua, na za magoti yasiyosikia dawa. Mwishowe mzee mwenyewe akauliza, "Hebu nambie, unasoma nini?"

"Historia ya Amerika, Babu."

"Amerika! Ukaijia Fanja? Umepotea njia, mwanangu." Alicheka mpaka akakohoa.

"Tende za huku zilikuwa zikiliwa kule," Taghreed alisema taratibu. "Walioziangua hawatajwi."

Kicheko kikamwisha. Akaipapasa fimbo yake.

"Babu yangu aliziangua mpaka mgongo ukamkatalia. Ziendako hakukujua. Na wanangu wanasikia minong'ono ya watu tu. Kwangu hawajasikia kitu. Wallahi, sitaki wazisome habari zake kwa Wamarekani kabla sijawaambia mimi."

"Basi usiseme, ndugu yangu," alisema Bi Balqis.

"Nitasema. Si leo. Ijumaa wanangu wote watakuwapo." Akamgeukia Taghreed. "Njoo tena, mwanangu, na simu yako uje nayo. Na bibi yako umlete. Nikianza nikashindwa, nataka awe karibu yangu."