Mafuta Yaliyotoka Mbali

Manukato yangu ya kwanza yalinuka pombe. Mwaka 1994 nilikuwa nimerudi Likasi kutoka Lubumbashi na shahada ya kemia. Maabara ya kampuni ya madini ilikuwa imefungwa, kazi haikuwepo, nikaanza kuchanganya marashi jikoni kwa baba. Spiriti safi haikupatikana. Nilinunua lutuku, pombe kali inayopikwa mitaani kwetu, nikaichemsha upya mara mbili, nikaloweka ndani yake maua ya frangipani na maganda ya limau. Kwenye chupa yalinukia vizuri sana. Lakini Jumapili wanawake sita wa kwaya waliojipaka walisimama kuimba, jasho likawatoka, maua yakaruka yakaenda zake na lutuku ikabaki. Baba yangu, Papa Augustin, alisema kwaya yote ilinuka kama baa siku ya mshahara, ila mshahara wenyewe hatujauona tangu Pasaka.

Mchana ule Mchungaji Firmin alikuja kwetu. Nilijiandaa kukemewa. Alikuwa amefanya kazi na baba kwenye kinu cha kusaga mawe miaka kumi na tano, kabla ya kufungua nyumba ya maombi katika ghala lililoachwa. Alinusa chupa zangu moja baada ya nyingine huku amefumba macho, kisha akauliza kama naweza kuweka harufu hizo kwenye mafuta badala ya pombe. Mafuta aliyowapaka wagonjwa kwenye paji la uso yalikuwa ya mawese, na watu walitoka kwenye maombi wakinuka sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Jirani yetu Mama Marceline, mjane tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu katika nyumba zile za kampuni, alikuwa amezungushia ua wake sitroneli, majani yale marefu ya kutia kwenye chai. Aliniruhusu nikate kiasi nilichotaka. Niliyakatakata nikayachemsha kwenye sufuria kubwa, bakuli limeelea katikati, kifuniko kimepinduliwa na kujazwa maji baridi. Mvuke uligonga kifuniko, ukadondoka bakulini, na juu ya maji yakaonekana macho madogo ya mafuta. Niliyakusanya kwa kijiko, nikayachanganya na mafuta ya karanga yaliyokuwa yamelala siku tatu na maua ya frangipani. Nilipofungua chupa, jiko letu halikuwa tena jiko la watu wanaokula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku. Baba aliacha kuchochea makala, yaani mkaa, akakaa tu, anapumua.

Mchungaji alitupatia unga kila wiki. Jumapili ya kwanza aliinua chupa juu akasema mafuta haya yametoka mbali. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akanong'ona kwamba ni Israeli, na hadi jioni kambi nzima ya wafanyakazi ilikuwa inasema Israeli. Nilimfuata mchungaji nikamwambia asahihishe.

"Minye sikusema Israeli," alijibu. "Na harufu nzuri yote inatoka mbali, Hortense. Ao weye njo uliiumba?"

Nilicheka. Unga ulikuwa unafika, nikanyamaza.

Mama Marceline alikuwa na kifua kikuu. Mimi ndiye niliyemsomea karatasi ya daktari: vidonge kila asubuhi, miezi minane, bila kuruka hata siku moja. Alivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Katika mwezi wa tatu, dawa zilipokuwa zimeanza kumpa nguvu na kikohozi kimepungua, alipakwa mafuta. Wiki iliyofuata alisimama mbele ya watu akashuhudia kwamba amepona. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Haukupita muda mrefu, kikohozi kikarudi. Nilikisikia kupitia ukutani, kwanza alfajiri, halafu mchana kutwa. Nilipoenda kumwona nilifungua kopo. Vidonge vilikuwa vingi mno. Alikuwa ameviacha tangu siku ile ya upako. Alinieleza bila hasira kwamba kumeza kidonge baada ya kuponywa ni kumwambia Mungu humwamini.

Nilirudi kwa Mchungaji Firmin nikamwomba aseme hadharani mafuta yanatoka wapi. Aliniambia hajawahi kumkataza mtu dawa, na hilo ni kweli. Aliniambia pia kwamba watu wale hawana mshahara, hawana hospitali ya kampuni, wana Jumapili tu, na akaniuliza kama nataka kuwanyang'anya na hiyo. Aliahidi kufikiri. Jumapili iliyofuata aliinua chupa, akasema yaleyale.

Jumatatu nilibeba sufuria, bakuli na kisu hadi kwenye ua wa Mama Marceline. Nilikata sitroneli yake mbele ya macho yake, nikachemsha, nikabadilisha maji ya kifuniko mara nne. Yeye alikaa kwenye kigoda, kitenge mabegani, anakohoa na kunitazama. Mafuta yalipopatikana nilimpaka tone kwenye kidole, nikamwomba aniambie ni harufu gani. Alinusa, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu kilichomwinamisha hadi magotini.

"Minye nilijuaka siku ya kwanza," alisema alipopata pumzi. "Hii majani nilipanda na mikono yangu. Nitashindwa kujua harufu yake?"

"Sasa, mama, sababu gani uliacha dawa?"

"Njo sababu. Mungu aliangalia majani yote ya Likasi, akachagua yangu."

Nilikuwa nimekuja kuvunja uongo, na hapakuwa na uongo wa kuvunja. Nilitazama kifundo cha mkono wake, kilivyokonda. Maneno niliyoyasema baadaye sikuwa nimeyapanga, na sijui hata leo kama yalikuwa halali.

"Na nani aliyakata, mama? Nani aliyachemsha?"

"Njo weye."

"Basi alichagua na mikono yangu. Na hii mikono inakupa kidonge."

Alisema atameza, ila lazima nije kila asubuhi na mafuta, nimpake, nimwombee kwanza. Nilimwambia sijui kuomba.

"Utajifunza," alisema.

Nilimwambia mchungaji sitamletea tena mafuta, na unga ukakoma. Siku mbili baadaye baba aliuliza kama Mungu aliyechagua mikono yangu hakuona na tumbo lake yeye, baba yangu. Muuguzi wa zahanati alisema Mama Marceline aanze tena kuanzia siku ya kwanza, miezi minane au zaidi, na hakuahidi chochote.

Kila asubuhi nilivuka ua. Tone moja kwenye paji la uso, halafu Baba Yetu, kwa kuwa ndiyo sala pekee niliyoijua hadi mwisho. Alifungua mdomo kupokea kidonge baada ya Amina tu, si kabla. Asubuhi nyingine kikohozi kilitukatiza katikati ya mkate wetu wa kila siku, nikaanza upya.

Kwa kemia niliyosoma, tone lile halikuwa na kazi yoyote. Wiki ya tano chupa iliisha. Ua wake ulikuwa umebaki na upara upande mzima. Nilichukua kisu, nikakata upande wa pili, nikawasha makala.